Hendeli ya Bihogo

Juzi aliingia uani kwangu hapa Kasulu kijana anayenunua vyuma chakavu, mizani ya ndoano ikining'inia nyuma ya pikipiki yake. Nilikuwa nimemwekea pembeni sufuria zilizotoboka, jembe lisilo na mpini na vipande vya mabati ya choo cha zamani. Akavitazama kwa kukunja pua, ndivyo wafanyavyo wanunuzi wote ili bei ianguke yenyewe, halafu macho yakamponyoka yakaenda nyuma ya mlango wa jikoni. Pale huwa naegesha chuma kimoja kirefu, kimepinda mara mbili, nacho hunisaidia kuzuia mlango upepo unapovuma.

"Mama, na hiki?"

"Hicho hakiuzwi."

"Si chuma tu?"

"Ni chuma tu. Na hakiuzwi."

Alikuwa ameshakinyanyua. Akakipima mkononi, akanitazama mimi, akakitazama tena, kisha akakirudisha mahali pake taratibu mno. Mimi ni mtu wa shaka tangu utotoni, na nilipoona anakirudisha kwa adabu ile nikajua huyu atarudi. Alipoondoka nilikwenda kukiegesha vizuri, viganja vikabaki na harufu ya grisi ya zamani iliyochanganyika na moshi. Nikakaa kwenye kigoda, nimefunika uso kwa viganja vile, mwanamke mzima mwenye wajukuu, namlilia Bihogo.

Nyinyi wa rika langu, ambao sasa mkiinuka magoti yanalalamika, mnakijua chuma hicho bila kuambiwa. Ni hendeli ya kuwashia gari. Enzi zetu betri ilikuwa kitu cha kubahatisha, hivyo dereva alishuka, akaichomeka hendeli kwenye tundu la mbele, chini ya rejeta, akazungusha kwa nguvu zake zote hadi injini ikohoe na kuamka. Ukizembea inakurudishia na kukuvunja mkono. Baba yangu hakuwahi kuvunjwa. Alikuwa akizungumza nayo kwanza, kwa Kiha, kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa na hakika kwamba yale maneno ndiyo yaliyoiwasha.

Bihogo lilikuwa Landrova la baba, na jina hilo kwao ni la ng'ombe mwekundu. Lilipotoka dukani lilikuwa na rangi ya majani, lakini baada ya miaka michache kwenye barabara ya Kibondo na Kasulu vumbi lilikuwa limelimaliza, ndani na nje, hata ukilifuta unafuta wekundu unapata wekundu. Ndani mlinuka mawese yaliyomwagika, dagaa wa Kigoma, petroli, na jasho la watu waliopanda wakiwa na kuku mapajani. Tulikaa Kibondo mjini. Baba, watu walimwita Mzee Bukuru, alikuwa Muha wa Titye aliyekulia nyuma ya ng'ombe za baba yake. Mama alikuwa mtoto wa Ujiji, wa kanga mbili na Kiswahili kilichonyooka, aliyeolewa milimani na hakuacha kulalamikia baridi hadi anaingia kaburini. Yeye ndiye aliyenifundisha kutomwamini mtu. Ukimsifia mama chakula, alikuuliza unataka nini.

Na zile zilikuwa siku za kutoaminiana, si kwa mama tu. Watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, maduka yananyooshewa vidole, na neno kupe lilikuwa haliwahusu tena wadudu wa ng'ombe, bali yeyote mwenye mali. Nakumbuka mkutano mmoja pale uwanjani. Nilikuwa nimekaa chini miguuni kwa mama, natafuna ukingo wa kanga yake. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyepanda gari la baba mara nyingi kuliko mtu yeyote, tena bure, alisimama akasema, "Ndugu zangu, kupe si lazima awe na miguu. Kupe wengine wana magurudumu manne." Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alishika usukani bila kuimba, na baba kutoimba akiwa ndani ya Bihogo lilikuwa jambo la kutisha.

Basi akaliuza. Petroli ilikuwa kwa kibali, tairi hazionekani, na balozi akawa kila akipita anasimama kidogo kulitazama gari na kuguna. Mnunuzi alikuwa Bwana Mbaraka, mwenye duka Kasulu, mtu mwenye ndugu zake Tanga, aliyevaa kofia safi ya viua na kunukia marashi hata siku ya jua kali. Yeye hakuogopa kuitwa kupe. Watu walisema anao wa kumsemea huko juu, na mimi nilimwangalia nikaamini.

Siku ya kuja kulichukua, baba aliliosha Bihogo mwenyewe mtoni, akakataa kusaidiwa. Alipolirudisha uani akaniambia, "Mama, hebu kaniletee maji ya kunywa." Baba alikuwa akiniita mama. Nilimletea. Nilipotoka na kata mkononi nikamwona naye anatoka ndani, kwenye chumba cha jiko, anajifuta masizi mikononi. Baba na jiko wapi na wapi? Sikuuliza, nikaliweka jambo lile kichwani pamoja na mengine niliyokuwa nikiyaweka. Siku hiyo betri ilikuwa na afya. Dereva wa Bwana Mbaraka aligusa tu ufunguo, gari likaitika, na likaondoka likitikisa makalio yake ya turubai hadi kwenye kona ya mikaratusi.

Nililia nikagaagaa. Mama alinitazama akasema, "Mtoto analilia chuma." Kisha akatazama juu, paa letu la nyasi lililovuja, na akatabasamu, kwa maana alikuwa ameahidiwa mabati. Tangu siku hiyo nikamshuku mama. Niliamini kwamba yeye na yale mabati yake ndio waliomfukuza Bihogo, na kwa muda mrefu nilikula chakula chake bila kumtazama.

Mabati yakaja, yakapigiliwa, mvua ikawa inatupigia ngoma juu ya vichwa. Baba akabaki na paa jipya na hana la kufanya. Akaanza safari za Kasulu. Alikuwa anaomba lifti kwenye malori ya maharage, anakaa juu ya magunia, mtu ambaye mwaka uliopita watu walikuwa wanamwomba yeye. Kila akiulizwa, alisema anakwenda Titye kumsalimia mama yake. Alivaa shati lake jeupe. Mama alimfulia lile shati bila neno, akalipiga pasi ya mkaa bila neno, hadi siku alipopita mtu wa Titye akileta salamu: bibi anauliza, mwanangu Bukuru amekosewa nini hata haji tena?

Mama alimkaribisha mgeni yule kwa chai, akamsindikiza hadi njiani, akarudi na uso uliofungwa.

"Shule mmefunga?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Safari ijayo utakwenda na baba yako. Utatazama anakula kwa nani. Utatazama nani anamchekea meno nje. Usiulize kitu. Wewe tazama tu."

Hakuna mtoto aliyewahi kupewa kazi akaipenda kama nilivyoipenda ile. Tulipanda lori alfajiri, tukapita Mvugwe, tukapita Makere, vumbi likanijaa hadi kwenye kope, nami sikusinzia hata kidogo. Siku hizi barabara ile imejaa magari meupe ya mashirika yanayokwenda kambini Nyarugusu, wakati ule ilikuwa pori na nyani waliokaa katikati ya njia wakitusubiri tuwaombe radhi. Baba alikuwa kimya. Nikamtazama kwa pembe ya jicho na kujiambia kwamba ukimya ule ni wa mtu mwenye jambo.

Kasulu mjini hakupita popote kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibaraza kimoja kwenye mtaa wa maduka, ambako mama mmoja mnene, mcheshi, alikuwa akiuza kahawa na maandazi. Mama yule alimmiminia kahawa bila kuulizwa. Halafu akamwongezea, tena bila kuulizwa. Wakaongea kidogo kwa sauti ya chini, mama akacheka, meno yote nje, mawili yana mwanya. Mimi niliwekwa pembeni na andazi langu. Nikalinusa kabla ya kulila.

Baba alikaa pale hadi jua likawa la utosi. Na katika muda wote ule hakumtazama yule mama hata mara moja. Alitazama ng'ambo ya barabara tu, kwenye duka la Bwana Mbaraka na geti la ua wake lililokuwa limefungwa. Hapo ndipo nilipokata shauri. Nilijiambia: mtu asiye na siri angemtazama mwenzake anapozungumza naye, huyu anatazama kwingine kwa sababu mimi nipo. Nilijiona nina akili kuliko baba, kuliko Kasulu nzima.

Nyumbani nilitoa taarifa mama akichambua mchele kwenye ungo.

"Anauza nini huyo mwanamke?"

"Maandazi."

"Makubwa?"

"Makubwa kuliko yako."

Ungo ukasimama. Hilo la mwisho, nafikiri, ndilo lililofanya kazi. Baba aliporudi kutoka msikitini alasiri alimkuta mama amefunga kanga zake kwenye shuka, fundo limekaa katikati ya chumba, na yeye amekaa pembeni yake tayari kwa safari ya Ujiji.

"Niambie mwenyewe," mama akasema. "Usinifanye nisikie kwa watu."

"Nikwambie nini, mama watoto?"

"Kasulu unakwenda kwa nani?"

Baba alinitazama mimi kwanza. Nikaangalia miguu yangu. Alivua kofia, akaishika mapajani akiizungusha, na masikio yakamwiva mtu mzima yule, mweusi, nikaona kwa macho yangu kwamba mtu mweusi pia anaiva.

"Nakwenda kuiona gari."

"Gari?"

"Gari yangu. Nakaa ng'ambo, namsubiri atoke. Wakifungua geti namwona. Siku nyingine hawafungui. Yule mama wa maandazi ananiambia kama jana alitoka, na kama aliamka vizuri."

Mama aliitazama ile kofia ikizunguka mapajani. Nilingoja apige kelele.

"Bora ungesema mwanamke," akasema. "Mwanamke ningejua la kumfanya. Gari nitaligombeza vipi?"

Kisha akaanza kucheka. Alicheka akaegemea fundo la nguo zake, machozi yakamtoka, na baba naye akacheka kwa aibu, na katikati ya kicheko nikaona machozi ya baba siyo ya kucheka. Mama aliyaona pia. Akafungua fundo, akaanza kuzirudisha kanga sandukuni moja moja, akasema bila kugeuka, "Nenda kalirudishe. Tutabanana."

"Na balozi? Na maneno ya watu?"

"Wakikuita kupe, mimi ni mke wa kupe. Nenda."

Nilimpenda mama siku ile hadi kifua kikaniuma. Chakula cha jioni nilikila nikimtazama usoni, hadi akaniuliza nataka nini.

Safari hii baba alipitia Titye kwanza, ili ule uongo wake wa siku nyingi upate kuwa kweli angalau mara moja. Bibi alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, anayevuta kiko, na nyumba yake ilinuka maziwa na moshi. Juu ya moto wake, kwenye boriti, zilikuwa zinaning'inia kamba kuukuu, nyeusi tii kwa masizi. Nikamuuliza ni za nini na mbona hazitumii.

"Hizo ni za ng'ombe waliouzwa, mwana wanje," akasema. "Ng'ombe akienda, umugozi unabaki. Mnunuzi anakuja na kamba yake. Ukimpa ng'ombe na umugozi, umempa na mugisha, baraka yote ya nyumba. Utachunga nini tena?"

"Na mnunuzi hakasiriki?"

"Akasirike nini? Na yeye ana za kwake juu ya moto." Akatoa kiko mdomoni, akamgeukia baba. "Na ile yako ya chuma, Bukuru, umugozi wake uliuacha nyumbani?"

"Niliuacha, mawe," baba akajibu, akimwita mama kwa Kiha, na akanitupia jicho la haraka.

Nililiona lile jicho. Nikakumbuka kwamba nyuma ya Bihogo kulikuwa na kamba ya katani ya kuvutia gari likikwama, nikaelewa kwamba wanazungumzia hiyo, na nikashangaa kwa nini baba aifiche kamba iliyokwisha kukatika.

Kesho yake tukaingia dukani kwa Bwana Mbaraka. Alitukaribisha vizuri, akaniletea pipi ya mti, tukaulizana habari za nyumbani hadi zikaisha. Sasa baba, aliyekuwa stadi wa kununua na kuuza dagaa, siku ile aliongea kama mtu anayeomba mke. Hakusifia hiki akaponda kile. Hakuzunguka.

"Bwana Mbaraka, nirudishie gari. Nimejuta. Nitakurudishia ulichonipa, na zaidi."

Bwana Mbaraka alikuwa akifunga sukari kwenye karatasi. Mikono ikasimama.

"Na zaidi?"

"Na zaidi."

"Mzee Bukuru, gari lako linanidhalilisha. Kila asubuhi vijana wangu wanalisukuma mtaa mzima, watoto wa shule wanapiga makofi. Wewe unajua kwamba linasumbua, maana hayo maneno yamefika hadi kwa muuza maandazi. Halafu unalitaka. Na zaidi." Akaacha sukari kabisa. "Kuna nini ndani ya gari hili?"

"Hakuna kitu. Ni gari tu."

"Na hendeli yake iko wapi? Nimemuuliza dereva, nimemuuliza utingo, kila mtu anaapa hajaiona. Landrova gani linauzwa halina hendeli?"

Baba akaitazama ile sukari. Hapo angeweza kusema. Miaka mingi baadaye aliniambia kwa nini hakusema: kwa Muha mwenzake kusingekuwa na la kueleza, lakini huyu ni mtu wa pwani, na ukimwambia mtu wa pwani kwamba umetundika chuma cha gari lake juu ya moto wako, hatasikia habari za ng'ombe, atasikia kwamba amerogwa. Kwa hiyo akasema jambo ambalo kwake lilikuwa kweli tupu.

"Nilidhani utakuja na yako."

Bwana Mbaraka alicheka. Halafu kicheko kikakatika, na nikaona kitu kikiingia machoni mwake na kukaa. Alisogea karibu, marashi yakanijaa puani.

"Mzee Bukuru, marehemu baba yako, wakati wa Mjerumani, alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alichunga ng'ombe."

"Alichunga ng'ombe tu?"

"Tu."

"Haya," akasema Bwana Mbaraka polepole. "Acha nifikirie."

Mnajua habari hizo. Kila wilaya yenye boma la zamani ina watu wanaoamini kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha mali chini ya mti fulani, na kwamba kuna mzee mmoja aliyebaki na siri. Mimi wakati ule sikujua. Tulipotoka dukani baba alinishika mkono, mwepesi kabisa, akaniambia, "Ataturudishia, mama. Umemwona anavyofikiri?" Yule mama wa maandazi akanipa andazi la bure, la kunipongeza. Nililinusa vilevile.

Tukangoja. Baba alifagia pale uani ambapo Bihogo lilikuwa linalala, akang'oa majani yaliyoota. Mvua zikaanza, zikashika kasi, jibu halikuja. Siku moja mama alikuwa anaondoa masizi jikoni, ufagio ukagonga chuma kwenye boriti. Akakishusha. Akamwita baba, akakinyanyua mbele yake kwa mikono miwili.

"Hiki ndicho anachokitafuta mtoto wa watu?"

Baba akamweleza. Habari ya ng'ombe, ya umugozi, ya mugisha. Mama alisikiliza, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, nadhani, hakumdhihaki. Alichukua kanga yake moja, akakifunga kile chuma vizuri, akampa.

"Mpelekee. Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Mtu akiona umekuja na kitu mkononi atakuamini."

Mama, ambaye hakumwamini mtu duniani, ndiye aliyesema hivyo. Mara moja tu katika maisha yake aliamua kuamini, na tazama.

Tulifika Kasulu matope hadi magotini. Geti la Bwana Mbaraka safari hii lilikuwa wazi. Sikulitambua Bihogo. Viti vilikuwa vimepasuliwa, sponji limetapakaa uani na kuku wanalichakura. Milango imevuliwa mabati yake ya ndani. Sakafu imekatwa kwa patasi. Tangi la petroli limefunguliwa mdomo, na injini ilikuwa imetolewa yote, imelazwa juu ya magogo, fundi mmoja ameifungua, anainamia ndani akimulika kwa kibiriti. Bwana Mbaraka alikuwa amesimama katikati ya vile vyuma bila kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Alikuwa na kipara, na hakunukia kitu.

Hakutusalimu. Alimjia baba akamshika bega, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Ndugu yangu, niambie tu kilipo. Tugawane."

Baba alifungua ile kanga. Mimi nilikuwa nimemshika shati.

"Hiki ndicho nilichokuficha. Hakuna kingine, wallahi."

Bwana Mbaraka akaipokea hendeli. Akaipima uzito. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua kutu, akatazama rangi ya chini, akakwangua na upande wa pili. Baba alikuwa anaeleza: tukiuza ng'ombe, sisi, kamba haiendi. Alieleza vizuri, taratibu, kama mama alivyomwagiza. Bwana Mbaraka alimsikiliza hadi mwisho, na nikamwona anavyomtazama, nikajua kwamba hakuna neno hata moja lililoingia.

"Nilikuwa nakuheshimu, Mzee Bukuru," akasema. Akamrudishia hendeli, akaingia ndani.

Baba alikwenda mbele ya gari. Sijui kwa nini alifanya vile, labda ni mazoea ya mkono. Aliinama, akasema yale maneno yake ya Kiha, akaichomeka hendeli kwenye tundu chini ya rejeta na kuizungusha. Ikazunguka. Ikazunguka kirahisi, bila kushika chochote, maana nyuma ya lile tundu hapakuwa na kitu. Akaendelea kuizungusha. Mimi nikasema, "Baba, twende," na yeye akaendelea, hadi fundi akaja akamshika mkono.

Hapakuwa na gari la kurudisha tena. Bwana Mbaraka aliuza vipande kimoja kimoja, na hadi anakufa alisimulia kwamba Bukuru aliitoa mali kabla ya kuuza, na ushahidi ni yale mabati. Kasulu wengi waliamini. Kwenye msiba wa baba, miaka mingi baadaye, mtu nisiyemjua aliniita pembeni, akanipa pole, kisha akaniuliza kama mzee aliacha maneno yoyote. Baba hakuwahi kununua gari jingine. Alikuwa anasema kosa halikuwa kuuza. Kosa lilikuwa kwamba alitaka kitu kiende na kibaki. Sikubaliani naye hata leo, naona kosa lilikuwa la wale waliomcheka mkutanoni, lakini hilo tulikuwa tukibishana akiwa hai na sasa hayupo wa kubishana naye.

Yule kijana wa vyuma alirudi jana, kama nilivyojua. Alikuwa amepanda bei. Nilipokataa akapanda tena, akiwa amekiinua kile chuma sikioni anakigonga kwa spana.

"Mama, hebu niambie ukweli. Kina nini?"

Nikamkalisha. Nikampa chai, nikamsimulia yote, Bihogo na kamba za bibi na Bwana Mbaraka bila kofia. Alisikiliza kwa adabu, akasema pole sana mama, akashukuru kwa chai. Alipofika getini aligeuka. Hakunitazama mimi. Alitazama paa, kisha ukuta, kisha ile sakafu ya kibaraza ambayo nimeipiga saruji majuzi.

Nikafunga geti kwa kufuli. Nikaitoa hendeli nyuma ya mlango, mahali ambapo sikupaswa kuiweka kabisa, nikapanda juu ya kigoda na kuitundika kwenye boriti juu ya jiko. Nikashuka, nikaitazama. Nyumba ilikuwa kimya. Kisha, Mungu anisamehe, mtoto wa mama yangu mimi, nikachukua mwiko, nikapanda tena, nikaigonga, nikatega sikio.